Wiki ya Kumi na Mbili ya Mazoezi ya Baba

Karakana ya Viatu,
Mlango wa pili baada ya fundi saa.
Jumatano, 10 Septemba.

Mpendwa Dada,

Tulimpoteza baba Jumatatu, tarehe 4 Agosti, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, kwenye zile ngazi kumi na nne zinazoshuka kutoka chumbani kwake hadi karakanani kwangu. Aliteleza kwenye ya tatu kutoka juu. Naanza na hilo kwa sababu kwenye simu nikianza na salamu hatufiki huko. Mara mbili umekata.

Sasa salamu. Hujambo? Shemeji hajambo? Pacha wanaendeleaje na shule? Sisi huku tu wazima wa mwili. Mke wangu anakusalimu, ingawa tangu wiki iliyopita analala kwa mama yake.

Nitoe kwanza lililo kifuani. Msibani ulisema mbele ya shangazi wote kwamba baba hakuufuata utaratibu wa mazoezi uliomtumia, kisha ukanitazama mimi. Dada, wewe ulisomeshwa hadi ukawa wa kufundisha wagonjwa mazoezi hospitalini. Mimi niliachiwa nyundo, na karakana hii nimeijenga mwenyewe, kisigino kimoja kimoja. Sikupenda kuvuliwa nguo mbele za watu. Lakini ulilosema lilikuwa kweli, na kosa ni langu.

Utaratibu wako ulikuwa na mafungu manne: kutembea, kuinuka na kukaa kitini, kunyoosha viungo, na kusimama kwa mguu mmoja. Macho ya baba yasingeuweza mwandiko wako, nikamwandikia upya kwa herufi kubwa nyuma ya boksi la viatu. Fungu la nne niliona kichekesho. Mzee wa miaka sabini na sita asimame kama korongo dakika tano, ili iwe nini? Na boksi lenyewe lilikuwa limejaa. Nikaliacha. Karatasi yako nikaifungia kwenye droo ya gundi. Baba hakuiona hata siku moja.

Yale matatu aliyafanya wiki sita bila kukosa. Wiki ya kwanza aliinuka kitini mara sita huku akitukana. Ya sita aliinuka mara kumi na sita huku akinitania: "Fundi, unatengenezea watu viatu watembee, mwenyewe umekaa kama gunia." Usingizi ulimrudia, magoti yakaacha kumsumbua, akawa anapanda ngazi zote bila kupumzika njiani. Kupanda, nasema. Kushuka kunataka kitu kingine, na hicho ndicho nilichokiacha nje ya boksi.

Jumatatu ya tarehe 11, wageni wa msiba wakiwa wameshaondoka, niliwasha taa ya karakana saa kumi na mbili kamili asubuhi, saa yake ya mazoezi. Kiti cha baba, chumbani kwake juu, kikalia. Unakijua kinavyolia mtu akiinuka. Nikahesabu bila kutaka: kumi na nane. Ni hesabu ya wiki ya saba, wiki ambayo baba aliianza siku moja tu.

Nilipanda. Hapakuwa na mtu. Dirisha lilikuwa limefungwa, kitanda kimetandikwa. Kiti nilichokuwa nimekiegemeza ukutani kilikuwa shubiri mbili mbele ya ukuta, kama utaratibu wako ulivyoagiza.

Wiki ya nane, ishirini. Ya tisa, ishirini na mbili. Jumapili anapumzika. Wiki ya kumi nilimwonyesha fundi saa hesabu hizo, nikamwita aje asikilize, maana yule haamini kitu kisicho na skrubu. Akasema, "Panya hao, jirani." Ilipofika ya ishirini na nne na kunyamaza, aliweka kikombe chini. "Panya hawaongezi mbili kila wiki," akasema, akaenda kufungua duka lake. Hajarudi.

Raba za baba nilizitia soli mpya mwezi wa saba, na baada ya mazishi nikazifungia kabatini. Juzi nilizipima. Zimelika milimita mbili. Baba alikuwa akila soli upande wa nje, kwa sababu aliegemea. Hizi zimelika sawa pande zote.

Kuanzia tarehe 25 Agosti kumeongezeka jambo. Kiti kikinyamaza, ubao mmoja wa sakafu unalia, wa kushoto, na uzito unabaki hapo. Halafu wa kulia. Siku ya kwanza zilikuwa sekunde tano kila upande. Leo ni kumi na tisa. Ni fungu la nne, Dada, na karatasi yake bado iko kwenye droo, ufunguo uko shingoni mwangu.

Usidhani nimechanganyikiwa. Sasa nafanya naye, yeye juu, mimi chini, mafungu yote manne. Nimepungua kilo tatu. Mgongo uliokuwa umepinda kwa miaka ishirini ya kuinamia viatu umenyooka, na nasimama bila kushika meza. Nimeelewa ulichokuwa ukikisema: miguu yenye nguvu haitoshi kama mwili haujui kujishika, na fungu moja haliwezi kufanya kazi ya jingine. Nimechelewa kuelewa, na samahani nakuomba kwa maandishi, uwasomee hata hao shangazi.

Jana nilifungua droo nikasoma karatasi yako hadi chini. Mstari wa mwisho umeandika: "Wiki ya kumi na mbili, ashuke ngazi bila kushika ukuta. Mtu amsubiri chini." Wiki ya kumi na mbili inaanza Jumatatu hii inayokuja. Mlango wa chini ya ngazi nimeufunga kwa komeo tangu siku ile niliyopanda.

Nisalimie shemeji, wabusu pacha, na shangazi mkubwa mwambie dawa ya miguu aliyoniagiza nimeipata. Mungu akutunze na akuzidishie afya huko uliko.

Mdogo wake shemeji anasafiri leo kuja huko, atakukabidhi barua hii kesho. Mwalimu wa baba ni wewe, mimi ni fundi viatu tu. Sitaki pole, wala sitaki kuambiwa nipumzike. Kabla ya Jumapili saa kumi na mbili jioni, nipigie simu unijibu hili moja: yuko tayari, nifungue mlango nisimame chini, au hayuko tayari, nisifungue?

Mdogo wako akupendaye hata akiwa na hasira,
Fundi