Eda Ndani ya Kamio

Mume wangu Salumu,

Kesho baada ya swala ya asubuhi wanawake wa mtaa watakuja kuniogesha na kunitoa eda. Miezi minne na siku kumi zimekwisha. Nimezikaa zote humu ndani ya kamio, lori uliloligeuza nyumba, kwenye kitanda kile ulichokipigilia ukutani ili kisihame njiani, na nimechoka. Sitakupamba kwa maneno. Nimechoka mgongo, nimechoka macho, nimemchoka kila anayeingia kunipa pole kwa sauti ileile. Nakuandikia kwa herufi za chuoni, za Kiarabu, zile ulizokuwa ukizicheka kwamba zinatembea kinyumenyume, kwa sababu nina jambo la kuungama na jambo la kukugombeza, na kesho wageni watakuwa wengi mno.

Unakumbuka ulivyoileta Kasongo? Kamio kuukuu iliyobeba pamba hadi ikachoka, mliinunua wewe na mdogo wako Ramazani, nyuma haina hata ubao mmoja. Nilidhani mtabebea mizigo. Wewe seremala ukaanza kupima. Ukapandisha kuta za mbao, paa la bati, dirisha moja, mlango wenye komeo, na rafu ya masufuria yenye kizuizi mbele. Watu wakaja kutazama. Mama yangu akaizunguka mara moja, akasimama mbele yako.

“Mukwe wangu, hii nyumba haina miguu.”

“Mama, iko nayo sita,” ukamjibu ukigonga gurudumu, naye akacheka mpaka akashika kiuno.

Jioni ile ukaniambia tunahamia Kisangani, kwa baba yako mdogo Sefu. Ukasema mji unajengwa, kila mutu anatafuta fundi wa milango. Ukaniuliza naonaje, huku unanitazama usoni. Nikakujibu, “Vile unapenda, bwana.” Salumu, wewe ulilelewa na wanawake wa kwetu. Unajua mke akiulizwa jambo zito mara ya kwanza anajibu kwa adabu, halafu anangoja aulizwe tena ndipo aseme lililo moyoni. Nilikaa siku tatu nikingoja. Hukuniuliza tena. Ulikuwa unapaka rangi mlango, unaimba.

Basi nilipanda nikiwa nimenuna. Mama yangu alibaki barabarani na mtandio wake, hakupunga mkono, alisimama tu mpaka kona ikamla.

Njia ile iliniua. Ulikuwa unaendesha kutwa, na mimi nikikaa nyuma naona msitu ukirudi Kasongo bila mimi. Kila penye kituo cha serikali ya Leta unashuka na karatasi zetu za ruhusa ya kuhama, kofia mkononi, unangoja kwenye jua mpaka karani amalize kuzungumza na mwenzake. Mvua ikinyesha tu, wanateremsha mti wa barieri, na hakuna gari inayopita mpaka barabara ikauke. Siku mbili hapa, siku moja kule. Madereva wengine walilala chini ya magari yao. Sisi tulikuwa na kitanda na dirisha, ukawa unajisifu. Mutu akikuuliza, “Bwana, munaenda wapi?” unamjibu, “Sisi hatuende fasi, tuko nyumbani.” Wote wanacheka isipokuwa mimi. Nilikuwa nakupakulia sombe na bugali na kukuwekea sahani mbele bila neno.

Na wewe hukujua kukataa. Kila tulipokwama, mwenye kijiji anakuja na mlango wake uliovunjika, na mbao huna, unabandua zetu. Kule Punia ulitoa rafu yangu ya masufuria. Kwenye mto Lowa tuliposubiri kivuko, yule mama aliyefiwa na mtoto, ulimtengenezea ubao wa kaburi kwa kizuizi cha kitanda chetu. Hapo sikukasirika. Ulifanya ukiwa umepiga magoti kwenye matope, hukupandisha macho, na nilitamani kukuwekea mkono begani. Sikuuweka. Nilikuwa bado nangoja swali langu, nikaona nikikushika nimeshindwa.

Sasa naungama. Lubutu ulianza homa. Ulitetemeka mpaka usukani ukatetemeka nawe. Palikuwa na zahanati pale pale, tuliipita, niliiona kwa macho yangu, watu wamepanga foleni nje. Mke mwenye akili angepiga kelele, angegonga bati mpaka usimamishe. Mimi nilijiambia, ameitaka Kisangani mwenyewe, atajua. Kwenye barieri iliyofuata, mvua ikatufunga siku mbili, na hapo ndipo nilipoogopa, nikakuambia turudi. Ukasema, “Hapana, bibi. Turudi nyuma tena? Bado kidogo.” Ningekuambia siku ile ya kwanza ungenisikia. Najua ungenisikia, maana sikuwa nimekuomba kitu tangu Kasongo. Hili sijamwambia mutu. Nimelibeba humu ndani miezi minne, na wanaokuja wananisifu kwa subira.

Tuliingia Kisangani mchana. Baba mdogo Sefu alitufungulia uwanja wake hapa Kabondo, ukaisogeza kamio mpaka kwenye kile kiwanja kitupu cha pembeni alichokuwekea. Ukazima moto wa injini. Ukaweka kichwa kwenye usukani, ukasema, “Bon. Tumefika.” Ukacheka kidogo. Siku sita baadaye tukakuzika.

Kisha ukaja ubishi ambao ungekufurahisha. Ramazani alifika kutoka Kasongo, akasema mjane akae eda ndani ya nyumba ya baba mdogo, nyumba ya kweli ya matofali, maana hii ni gari na yeye ana nusu yake. Hakusema kwa ubaya. Baba mdogo akamwita mwalimu wa msikiti. Mwalimu akaja na fimbo yake, akagonga matairi, akapanda ngazi, akachungulia, akashuka. Akaniuliza kupitia dirishani, “Mama, wewe na marehemu mulikuwa munalala wapi?” Nikamwambia, humu. “Alipokufa alikuwa wapi?” Humu. Akamgeukia Ramazani. “Alors, nyumba yake ni hii. Mambo ya magurudumu hayako katika sheria.” Wakaipandisha juu ya magogo ili matairi yasioze, na Ramazani akarudi kwao kungoja eda iishe.

Na sasa ugomvi wangu. Wiki iliyopita baba mdogo Sefu aliketi kwenye ngazi, akatoa barua uliyomwandikia kabla hatujaondoka. Alidhani naijua. Akanisomea ili anifariji. Uliandika hivi: “Baba mdogo, kazi hata huku ninayo. Ni mke wangu. Wanawake wa huku wanamuhesabia miaka. Kila harusi, kila arobaini ya mtoto, wanamuuliza na yeye lini. Anarudi nyumbani anapika bila kusema. Nataka kumuleta pahali ambapo hakuna mutu anajua tumeoana miaka mingapi.”

Nilimwomba aisome tena. Halafu nikafunga dirisha.

Salumu, kumbe ni mimi. Uliacha wateja wako, uliacha kaburi la baba yako, ukauza hata randa yako kubwa, kwa ajili yangu, na mimi nimekununia kuanzia Kasongo mpaka Lubutu nikidhani unanifuatisha kwenye tamaa zako. Na wewe ukadhani kununa kwangu ni ile huzuni ya kukosa mtoto, ukakanyaga moto zaidi unifikishe haraka. Ungeniuliza mara ya pili! Ningekuambia maneno ya wanawake yale yaliniuma miaka ya mwanzo, sasa yananipita tu. Ningekuambia siwezi kumwacha mama. Tungekaa. Pengine ungekuwa hapo nje sasa hivi unapiga msumari. Nimekukasirikia wiki nzima, na kila nikikukasirikia najikuta nakukasirikia huku nalia, maana ni nani mwingine angewahi kunijengea nyumba na kuitoa Kasongo nzima nzima ili tu nisiulizwe swali.

Ramazani amekuja tena juzi. Alisimama kwa heshima chini ya dirisha, mke wa baba mdogo akiwa amekaa pale na mchele wake. Akasema, “Shemeji, eda ikiisha nitakurudisha kwa mama yako, ndani ya nyumba hii hii. Unaona je?” Na mimi, Salumu, mimi niliyetoka kukugombeza, nikamjibu, “Vile unapenda, shemeji.” Ulimi ulikwenda wenyewe. Na yeye ni ndugu yako kabisa. Hakuuliza tena. Akaenda kuazima pampu akaanza kujaza matairi.

Siku nzima jana nimesikiliza pampu ile. Gurudumu la kwanza, la pili. Mama yangu nilimwona mbele yangu, na moyo ulitaka kwenda, sitakuficha. Leo alasiri, alipofika gurudumu la tano, nikafungua dirisha nikamwita.

Nikamwambia siendi. Nikamwambia kesho wakishanitoa, atafute watu wanne, waishushe nyumba waiweke chini hapa kiwanjani, kisha achukue kamio yake yote, sina dai nayo. Na apite kwa mama yangu amwambie aje kwangu kabla ya masika, kuna kitanda.

Akabaki ameshika pampu. “Lakini shemeji, juzi ulisema vile ninapenda.”

“Juzi nilikuwa na adabu,” nikamwambia. “Leo nimechoka.”

Mke wa baba mdogo akainama juu ya mchele wake. Ramazani akauliza kama watu wanne watatosha, maana mbao zako ni nzito. Nikasema alete sita.

Si kwamba sitaki Kasongo. Sina ndugu hapa, Lingala yao sijaisikia vizuri, na lituma yao ya ndizi bado inanishinda. Lakini nimefikiri hivi, na ndilo neno nililotaka kukuambia. Wewe ulizima moto ukasema tumefika, ukafa ukiamini hivyo. Nikirudi, itakuwa ulifia njiani.

Lala salama, bwana wangu. Mungu akupanulie kaburi lako. Ijumaa nitakuja, nimeshaulizia njia.

Mkeo