Mkono wa Kushoto wa Mama Rani

Jumatatu, 5 Oktoba 1998

Wiki ya tatu ya kazi hapa Potomac, Marekani. Nyumba ya vyumba sita, wakazi wawili: mama mzee wa Kihindi na binti yake Hemlata, mwalimu wa chuo, hajaolewa. Leo ndiyo nimejua — yule mama ni malkia! Yaani alikuwa. Mumewe alikuwa mfalme wa Kesarkot, kabla serikali yao haijafuta mambo ya wafalme. Jumba lao sasa ni hoteli. Mimi nilidhani "Rani" ni jina tu, kama Rehema. Na ndiye ninayemkata kucha.

Kazi yangu hasa ni mkono wake wa kushoto. Kiharusi kilimpiga mwezi Machi, mkono ukafa. Kila asubuhi taulo la moto kwanza, kisha nauinua polepole, kisha vidole kimoja kimoja. Bila taulo anaumia. Hasemi, ila anakaza taya.

Jumatano, 7 Oktoba 1998

Simu ya India imelia mara nne. Hemlata akafoka kwa Kihindi, kisha akaja kulia jikoni. Mimi nilikuwa nakausha sahani ile ile moja — najijua. Akanieleza mwenyewe bila kuulizwa.

Kuna mtu anaitwa Bhupal, mtoto wa shemeji yake Mama Rani. Mfalme hakupata mtoto wa kiume. Basi mwaka 1962 wakamchukua Bhupal, miaka sita, awe mwana wao. Au hawakumchukua! Hapo ndipo kesi ilipo. Mfalme alifariki miaka miwili iliyopita. Bhupal akiwa mwana, jumba na kiti cha ukoo ni vyake. Asipokuwa, ni vya Hemlata.

Na mahakama ya huko haitaki maneno mengi. Inauliza: mtoto alitolewa? Alipokewa? Waliomtoa wamekufa wote. Aliyempokea yupo, ndiye huyu ninayemsugua vidole.

Nimerudi Beltsville nikamsimulia Bupe, mwenzangu wa nyumba. Akaniambia niache umbea, mdomo uliponza kichwa. Baada ya dakika mbili: "Ehe, sasa mama mwenyewe anasemaje?"

Alhamisi, 8 Oktoba 1998

Hasemi kitu. Nimemuuliza kijanja kama Bhupal alikuwa mtundu utotoni. Akasema alipenda kulala na viatu. Basi.

Jumanne, 13 Oktoba 1998

Baridi imeanza. Hemlata yuko chuoni. Mama akaniagiza shali ya kijivu kwenye sanduku la bati. Nikaikunjua — picha ikaanguka mapajani mwake. Hakushtuka. Akaitazama sana, kisha akaninyooshea niione. Nikaipokea kwa mikono miwili na goti nikakunja kidogo, kama tulivyofundwa kwetu Tarime.

Akacheka mpaka akakohoa. Nikaogopa, nikamletea maji.

"Kwa ukoo wetu," akasema, "anayepokea kwa mikono miwili amepokea. Anayepokea kwa mmoja ameshika tu."

Nikaangalia tena. Yeye kijana, vito mpaka puani, mtoto wa kiume mapajani. Mkono wa kulia umemkumbatia. Wa kushoto je? Umepita nyuma ya kiti, chini ya ushungi. Na huko nyuma, pembeni kabisa, nusu ya uso wa msichana na msuko mmoja. Hemlata! Miaka minane. Mama akanieleza kuwa asubuhi ile ya kumpokea Bhupal, binti alimuuliza kama ataendelea kuwa mtoto wake. Mama akampa mkono huo wa kushoto, na Hemlata hakuuachia mpaka sherehe ikaisha. Kuhani hakuona. Picha hiyo hiyo ipo hotelini, lakini imekatwa duara, msichana hayumo.

Kumbe hakumpokea! Mimi nikaona kesi imekwisha. Nikamwambia amwonyeshe Hemlata, maana anaisaka picha hii miaka miwili, mpaka chini ya makapeti.

Akasema mfalme alipokufa, Bhupal ndiye aliyewasha moto wa kuchoma maiti, kazi ya mwana kwa desturi yao. Akasema miaka thelathini na sita anamwita mama, na yeye anaitika. Kisha akataka picha irudi ndani ya shali.

Nimeirudisha. Sikupaswa kujua jambo hili. Na nimefurahi kulijua, Mungu anisamehe.

Ijumaa, 16 Oktoba 1998

Leo yeye ndiye mdadisi. Nikiwa kwenye kidole cha tatu akaniuliza kwetu asiye na mtoto wa kiume hufanyaje.

Nikamwambia. Kwetu Wakurya mjane asiye na mwana huoa. Anaoa msichana! Anatoa ng'ombe, harusi inafanyika, na watoto watakaozaliwa ni wa nyumba yake. Ndivyo bibi Robi alivyomwoa mama yangu. Mimi na kaka yangu Marwa ni wa Robi, na mwanamume aliyetuzaa hatuna haja naye.

Mama akasahau mkono. Maswali kama mvua! Robi alipokufa je? Nikasema baba wadogo walimfukuza Marwa, eti si damu. Wazee wakakaa siku mbili. Wakasema ng'ombe walitoka zizi la Robi, na kitanda hakizai haramu. Marwa yuko pale mpaka leo. Na wewe, akauliza, ulipata nini?

Nikahamia kidole cha nne. Mimi nilipata nauli ya kuja huku. Sikuwahi kuliona kuwa swali.

Jumapili, 18 Oktoba 1998

Kanisani sikusikia mahubiri. Namtaka Hemlata ashinde — yeye ndiye anayemlisha mama, anayemgeuza kitandani. Halafu nafikiria Marwa akisimama nje ya lango lake mwenyewe, naona uchungu. Kesho ni sikukuu yao ya taa. Bhupal anakuja, na wakili aliyetumwa na mahakama kuchukua kauli ya mama. Sikupangiwa zamu. Nimeiomba.

Jumatatu, 19 Oktoba 1998

Naandika nimesimama jikoni, nyuma ya karatasi ya orodha ya dawa.

Bhupal si simba niliyemtarajia. Mnene, mvi, jasho. Alimwinamia mama miguuni na hakuinuka haraka. Hemlata amekaa kushoto kwa mama, kaushika ule mkono uliokufa, kama afanyavyo kila siku. Shali ya kijivu iko mabegani, nimemvisha mwenyewe. Picha imo ndani, naijua ilipo. Mama alinitazama nilipoifunga.

Wakili akafungua kalamu. Akauliza, kwa heshima kabisa, kama mwaka ule alimpokea mtoto huyu.

Bhupal bado yuko magotini. Mama akanyoosha mkono wa kulia, akamwekea kichwani. Wakili akasubiri, hakuandika. Ndipo mama akaniita.

"Ghati, niinulie na ule mwingine, iwe miwili."

Hemlata hakuuachia. Aliangalia ukutani tu, lakini vidole vyake nimeviona vimekaza, na vya mama haviwezi kukaza wala kujitoa.

Nikasema bila taulo la moto ataumia. Ni kweli, daktari alisema. Nikakimbilia huku.

Taulo lina moto tangu dakika tano zilizopita. Nimelikamua mara mbili. Naisikia sauti ya wakili, anauliza kama mhudumu anarudi.