Mbwa Wangu Hawakui, Niwachanje Lini?

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na jina langu ulifiche, maana mimi ni balozi wa nyumba kumi katika kijiji cha ujamaa huku Tarime na watu wananiheshimu kiasi. Mzungu mmoja wa misheni alipohama aliniachia mbwa wake jike, mfupi, ukimwona kwa mbali utadhani kuku, akazaa watoto wawili na hao ndio walionifikisha hapa. Bwana mifugo alipokuja kuchanja mbwa dhidi ya kichaa, mimi ndiye niliyepita nyumba hadi nyumba nikitangaza kwamba mbwa asiyechanjwa atapigwa risasi, lakini siku yenyewe nikaona wanaume wa rika langu wamepanga mstari na mbwa wanaokimbiza fisi, nikajiuliza nitasimamaje pale na vitu viwili ndani ya kikapu, nikasema moyoni acha kwanza wakue. Basi nimengoja, mshauri, mwaka sasa umepita na hawakui, kila mgeni akija namwambia wana wiki tatu, na juzi mke wangu Wegesa amenionyesha kwamba mmoja wao ana mimba. Tena mbwa wa jirani yangu Nyangwine ameshikwa na kichaa akauma ndama, mbwa huyo tumemuua, na binti yetu Ghati hulala na hawa wadogo kitanda kimoja, usingizi sipati. Bwana mifugo anarudi mwezi ujao. Je, niendelee kungoja wakue, au nimtume Wegesa awapeleke yeye?

Balozi, Tarime

Ndugu Balozi,

Wamekwisha kua. Hapo ulipowaona leo asubuhi ndipo walipofika, na hata ukiwalisha ugali wa kijiji kizima hawataongezeka. Habari ya mtoto wa wiki tatu mwenye mimba sijawahi kuipokea hapa, na nimepokea mengi.

Kinachohesabiwa ni umri. Mtoto wa mbwa akitimiza miezi mitatu huchanjwa, awe wa kukimbiza fisi au wa kukimbizwa na kuku. Ghati alipochanjwa ndui, ulingoja kwanza afikie kimo chako? Hao watakaozaliwa, hesabu miezi tangu siku watakayozaliwa, urefu wao achana nao.

Nakuonea huruma, kuchekwa na rika kunauma, hasa kwa mtu aliyezoea kutangaza. Lakini umewatishia wenzako risasi huku wako umewafunika kwa kikapu, na kikapu hicho kiko kitandani kwa mtoto. Hilo ni jambo la aibu kuliko ufupi wa mbwa yeyote.

Usingoje mwezi ujao. Wapeleke wiki hii kwa bwana mifugo wa wilaya, na mama yao pia. Mweleze kwamba mmoja ana mimba, ataamua mwenyewe amchanje sasa au akishazaa, na kama walikutana na mbwa wa Nyangwine usimfiche. Kuanzia leo Ghati alale peke yake. Akiwa ameshaumwa au kukwaruzwa na mbwa yeyote, mwoshe kidonda kwa sabuni na maji mengi, umpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Wegesa mwache nyumbani. Aliyetangaza ni wewe, kikapu kibebe wewe, na usikifunike. Watakucheka njia nzima, hata mimi nacheka hapa ninapoandika. Siku Ghati akishikwa na kichaa, hatacheka mtu.