Madume Kabla ya Mvua

Jumanne, Novemba

Na bado wakamchagua Yosefu, mwenzangu wa maabara. Ndiye atakayekwenda chuoni Morogoro kuwachunguza vyura wetu wa mitini. Mimi nitabaki hapa Mazwi kuosha vioo vya hadubini.

Mimi ndiye niliyeona kwanza kwamba korodani za madume hujaa mbegu mapema, mvua haijanyesha, hata kabla hawajaanza kuwaita majike kule mabwawani Mpui. Nilimwambia Yosefu peke yake. Leo kikaoni nilimngojea aseme ugunduzi ni wake, nimuumbue mbele ya watu.

Daktari, mkuu wetu, akamwuliza, "Hili uliligunduaje?"

"Siyo mimi, Daktari. Ni dada Editha. Mimi nilihesabu tu."

Wote wakanigeukia wakapiga makofi. Nikatabasamu mpaka mashavu yakauma.

Uamuzi haukubadilika, maana yeye ana shahada na mimi nina cheti. Tulipotoka akanipakia kwenye pikipiki yake hadi nyumbani, akinisihi niombe nafasi mwakani. Nilimshukuru.

Afadhali angeniibia. Wivu wangu ungepata pa kushika. Mtu mwema namna hii utamchukia kwa lipi? Na mimi bado namchukia.