Diski Aliyopewa Lemburis

Akheri, Meru,
Arusha.
Jumapili, 17 Agosti 2025

Mpendwa Mjomba Hans,

Shikamoo Mjomba. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Anti Theresia na mdogo wangu Marta. Kile kikohozi kimeisha? Ulipoondoka hapa mwezi wa tano, siku ya pili baada ya mazishi, ulikuwa ukikohoa sana, na mpaka leo Bibi Tekla akisikia mtu anakohoa redioni analitaja jina lako. Sisi hatujambo kiasi. Mama alipungua, lakini sasa anakula. Baba yuko shambani kila siku, hata siku ambazo hakuna kazi ya kufanya shambani. Baridi ya mwaka huu ni kali na mlima hatujauona kwa wiki nzima.

Mimi naendelea na masomo. Nilikuwa wa nne darasani, ingawa kemia bado inanisumbua. Hiyo ndiyo habari njema niliyo nayo, Mjomba, kwa hiyo nimeitanguliza.

Ulipopiga simu uliniuliza tuligawaje vitu vya Kaka Fredi, nikakujibu kwamba tuligawa vizuri. Mama alikuwa karibu, sikuweza kusema zaidi. Leo nataka nikueleze yote, na mwisho wake nina ombi kubwa kwako.

Bibi alipanga ugawaji uwe Jumamosi ya mwisho wa Juni. Wiki nzima kabla ya hapo mimi na Mama tulifua nguo zote za Kaka, hata zile zilizokuwa safi, kwa sababu Bibi anasema mtu apewe nguo, asipewe jasho la marehemu. Shati lake la kazi, lile la shamba la maua la Usa River, tulilifua mara tatu na harufu ya dawa haikutoka. Mama alilikumbatia likiwa bado linachuruzika maji, akalowa kifua kizima, akaendelea kusimama hivyo hivyo kwenye baridi. Mimi nikaendelea kuanika.

Mashine yake ya gemu, ile mpya aliyoinunua kwa mshahara wake mwenyewe, ilipangwa iende kwa binamu Aikaeli. Hapo ndipo nilipokosea. Niliona ndani yake bado kuna jina la Kaka, picha yake na mambo yake yote, nikafikiri nayo inatakiwa kusafishwa kabla haijaingia nyumba nyingine. Nikaiwasha, nikatafuta mahali pa kufuta kila kitu, nikapapata. Iliniuliza mara mbili kama nina uhakika. Mara mbili nikajibu ndiyo. Kisha nikaipangusa vumbi kwa kitambaa kibichi, nikaifunga kwenye boksi lake, na nilijiona mtu aliyefanya kazi ya maana kuliko wote siku ile.

Sasa nikukumbushe habari za Lemburis, rafiki yake Kaka wa Tengeru. Ndiye aliyekuwa akiendesha pikipiki siku ya ajali, Kaka akiwa amepakiwa nyuma. Lori halikuwa na taa, na askari wenyewe walisema kijana hana kosa. Lakini Mama hakuweza kulikubali hilo. Kwenye mazishi hakumpa mkono, wewe uliona.

Kabla ya hapo Lemburis alikuwa kama mtoto wa nyumba hii. Kila Jumamosi jioni walikaa sebuleni na pedi za gemu mkononi, wakicheza mpira wa kwenye TV, na kelele zao zilifika mpaka kwa jirani. "Leo unakula tano, kalete sahani!" Kaka anamwambia. Naye Lemburis anamjibu, "Tano zako zitaisha zote mdomoni, mzee. Uwanjani unakaba kama mchungaji anayekimbia nyuki." Mama alikuwa amewawekea sheria kwamba atakayefungwa anakwenda jikoni kumenya ndizi. Nakuambia kweli, Lemburis amemenya ndizi nyingi nyumbani kwetu kuliko mimi.

Siku ya kugawa alikuja, akasimama kule kwenye uzio, hakuingia uani. Bibi alikuwa akiita majina, huyu koti, huyu viatu, huyu redio. Jina la Lemburis halikuwepo. Basi katikati ya majina Mama aliinuka, hakumwambia mtu, akaichukua mezani ile diski ya gemu yao ya mpira na kwenda nayo moja kwa moja mpaka kwenye uzio.

"Shika," alisema. "Mlikuwa mnacheza wote."

Lemburis aliipokea kwa mikono miwili. Bibi aliacha kuita, akajifuta macho kwa pindo la kitenge, ndipo akaendelea. Usiku ule Mama alilala mpaka asubuhi, mara ya kwanza tangu msiba.

Siku nne baadaye Lemburis akarudi. Mama alikuwa barazani anachambua maharage, mimi nilikuwa nasugua sufuria pembeni. Alikuwa ameifunga diski kwenye gazeti.

"Shikamoo Mama," alisema. "Nimeirudisha CD. Nimeijaribu kwa jamaa yangu mwenye mashine kama ya Fredi, haifunguki."

Mama hakuinua kichwa. "Kama imekushinda, iache hapo mezani."

"Sijaikataa, Mama. Imeandika jina lake. Inasema mpaka mwenyewe aingie, aruhusu."

"Mwenyewe yuko pale chini ya migomba," Mama alimjibu. "Na wewe unajua kuliko mtu yeyote amefikaje pale."

Lemburis alisimama kidogo kama mtu anayesubiri kuambiwa akae. Halafu akaiweka diski juu ya meza, taratibu sana, akaondoka. Mjomba, kwetu hapa hujawahi kusikia mtu akirudisha alichopewa kwenye msiba. Mama aliona kwamba amemtupia msamaha wake usoni. Na mimi nilikuwa pale na sufuria mkononi, na moyoni nilishaanza kuogopa kwamba nilichokifuta ndicho kilichofanya diski isifunguke, na nikanyamaza.

Kesho yake baada ya shule nilikwenda na diski kwa fundi wa Tengeru anayetengeneza redio na simu. Nilimweleza kwamba kwenye mashine ya zamani ya Kaka diski zilizunguka Akheri nzima kama pasi ya mkaa, leo kwetu, kesho kwa jirani, na hakuna aliyeulizwa jina. Akasema zile ndizo zilikuwa hivyo. Hizi mpya za aina aliyonunua Kaka, diski ikiingizwa mara ya kwanza inaandikwa jina la mtu huko kwenye kampuni kupitia intaneti, na haichezi kwa mwingine mpaka mwenye jina aiachie kwa akaunti yake.

"Mwambie mwenyewe aingie tu, dakika moja," alisema.

"Mwenyewe amefariki."

"Pole, binti. Basi ile mashine yake? Akaunti si iko wazi mle ndani?"

Nikamwambia nimeifuta. Yule fundi aliweka bisibisi chini. Hakunicheka. Aliniambia kama nisingeifuta, tungeweza kuiachia wenyewe pale pale nyumbani. Sasa linatakiwa neno la siri ambalo hakuna anayelijua, na wakitaka kubadilisha wanatuma namba kwenye simu ya Kaka, ambayo ilisagika naye barabarani.

Mwalimu wangu wa Kiingereza alinisaidia kuiandikia kampuni. Nilieleza kila kitu, ajali, tarehe, kwamba diski ni ya msiba. Majibu yalikuja baada ya siku tisa. Yalianza, Mpendwa Frederick, tunashukuru kwa kuwa nasi. Mwalimu alitaka kuifunga kompyuta nisione, lakini nilikuwa nimeshasoma. Tuliandika tena. Safari hii mtu alijibu, akasema tutume cheti cha kifo na kwamba uamuzi utachukua miezi mitatu, na hawaahidi. Baba anafuatilia cheti. Sikumwambia ni kwa ajili ya nini hasa, nilimwambia ni kwa ajili ya vitu vya Kaka, na yeye hakuuliza.

Bibi peke yake ndiye niliyemwambia kwanza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akageuzageuza diski mkononi, akasema, "Shuka lake limekubali kulaliwa, viatu vimekubali kuvaliwa, hiki kisahani kina kiburi gani?" Nilicheka, Mjomba, halafu nikalia, na Bibi akaniambia nisikae nalo hilo, nikamwambie mama yangu.

Ilinichukua wiki tatu. Sina cha kujitetea. Nilikuwa naogopa kwamba Mama akijua, atakuwa na mtu mwingine wa kumkasirikia, na mtu huyo nitakuwa mimi.

Nilimwambia Jumanne iliyopita tukiwa tunapukuchua mahindi. Nilimweleza diski, akaunti, fundi, na kwamba mimi ndiye niliyefuta. Alipukuchua mahindi mengine matatu.

"Kwa hiyo siku ile alikuwa ananiambia kweli," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Na wewe ulikuwepo, na sufuria yako."

"Ndiyo, Mama."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliingia ndani, akakaa huko mpaka giza. Asubuhi alivaa nguo za kanisani ingawa ilikuwa Jumatano, akaifunga diski kwenye leso safi, akaniambia nimsindikize. Tukaenda Tengeru kwa mama yake Lemburis, Mama Silantoi, anayeuza maziwa nyuma ya soko.

Mama Silantoi alituona tangu mbali. "Mama Fredi! Karibu, karibu. Lakini umechelewa, mwenzangu. Uliyemfuata ameondoka Alhamisi ya juzi."

"Ameenda wapi?"

"Tunduru, kwenye machimbo ya mawe ya vito. Amemfuata mjomba wake. Pikipiki ile pale, imekaa kuku wanataga juu yake. Hataki hata kuisikia."

"Nipe namba yake nimpigie."

"Simu ameniachia mimi. Alisema atanunua nyingine huko. Mpaka leo kimya." Kisha akamtazama Mama na kumwambia, bila ukali, "Alisema ameirudisha ile zawadi ili mmsaidie kuifungua, na hakuambiwa hata kaa. Mimi nilimwambia, mwanangu, yule ni mama aliyezika, mpe siku. Akasema siku zimeisha."

Mama alikaa kwenye kiti cha ndoo na kufunika uso wake kwa ile leso yenye diski ndani. Mama Silantoi alimimina maziwa ya mgando kwenye kikombe, akamshikisha. Mama hanywi mgando, wewe unajua tangu utoto wenu. Alikunywa wote.

Sasa ombi langu, Mjomba. Wewe umefundisha Tunduru miaka sita, na ulituambia watoto wa wachimbaji wanasoma shuleni kwako. Tafadhali mtafute Lemburis. Ni mrefu, ana kovu jipya juu ya nyusi ya kushoto. Zamani alikuwa anacheka kabla ya kuongea. Sijui kama bado. Ukiwauliza Waarusha walioko huko, hawatashindwa kumjua.

Diski iko ndani ya kifurushi hiki, kwenye leso ile ile. Mpe. Mama anasema ni yake hata kama haitacheza maisha. Mwambie Mama hakumfukuza, alikuwa hajaelewa. Mwambie pia aliyefuta ni mimi, Irine, kwa mkono wangu, na kwamba nilikuwepo siku ile na sikusema. Asiamini kwamba Fredi au nyumba yetu imemnyima. Usimwambie kuhusu kampuni na ile miezi mitatu, kwa sababu huenda wakakataa, na sitaki apewe kitu kisha kichukuliwe mara ya pili. Mimi nitaendelea kuwaandikia. Kila nikimaliza kazi za shule Ijumaa, natazama kama wamejibu.

Usijali kuhusu nauli ya kifurushi, mwalimu mmoja anayekwenda Songea amekubali kukibeba mpaka huko na kukipakia kwenye basi la Tunduru.

Baba anakusalimu na anakuomba radhi kwamba siku ile hakukusindikiza stendi. Bibi Tekla anasema unywe maji ya tangawizi na uache kulala na dirisha wazi. Nisalimie sana Anti Theresia, na Marta umwambie dada yake amemwekea daftari la picha. Mungu aliyewapa kazi mbali awape na afya ya kuifanya, awalinde barabarani, na awarudishe kwetu Krismasi mkiwa wote.

Mpwa wako anayekupenda na kukutegemea,

Irine

Hans mdogo wangu, nimeisoma barua ya Irine na sijafuta kitu. Ukimpata huyo kijana, usianze na habari za diski. Atakuwa amekonda, nawajua wa machimboni. Mpe chakula kwanza, akae, ale ashibe. Halafu ndiyo umwambie umetumwa na nani.

Ni mimi dada yako, Elinipa