Picha Iliyobaki

Jumatatu, 3 Machi

Kitabu cha jubilei ya shule yetu ya zamani kimefika mezani kwangu kazini. Faili zito kama gunia la mawe! Mwalimu mkuu anataka lifunguke upesi kwenye simu, ukurasa wa kwanza uonekane huku nyingine zikija nyuma. Nakala ya karatasi ilikuwa moja tu. Tuliikata mgongo ipite kwenye skana, karatasi zikaenda kusagwa. Ndivyo tufanyavyo siku zote hapa ofisini tukigeuza vitabu kuwa faili.

Picha ya Mkubwa imo! Pacha wangu, ukurasa mmoja kabla ya wangu. Picha zake nyingine zote ziliungua na nyumba, mwaka uleule tuliomzika. Nimempigia Mama. Akalia, akacheka, akasema nisimletee porojo, nimletee picha. Jicho lake moja bado linaona kitu kikisogezwa karibu na pua, na daktari anasema nalo linaelekea kupofuka.

Jumanne, 4 Machi

Faili limepungua, linafunguka chap! Niliwasha na ile kazi ya kuondoa picha zinazojirudia — programu ikiona mbili zinafanana, inabakiza moja na kuitumia kotekote. Nembo ya shule iko kila ukurasa, ya nini kuibeba mara zote hizo? Nikahifadhi juu ya faili la awali, likafutika. Bosi kapiga makofi.

Alhamisi, 6 Machi

Haraka haraka haina baraka. Nimefungua ukurasa wangu — Mkubwa! Kovu lake lile juu ya jicho la kushoto, alipoangukia kona ya meza; mimi sina. Ukurasa wake, yeye. Ukurasa wangu, yeye, na jina langu chini yake. Programu imetuona mtu mmoja, ikambakiza wa kwanza.

Fundi wa kompyuta anasema faili la awali halipo tena, nisahau. Halafu eti nalia nini, si tunafanana kama shilingi kwa ya pili?

Nimeona wivu. Kumwonea wivu marehemu! Lakini utotoni pia yeye ndiye aliyeitwa kwanza.

Ijumaa, 7 Machi

Mlinzi kanizuia getini: nimeshaingia, sasa natokea wapi tena? Nikadhani utani. Hakucheka.

Kiti changu kilikuwa na joto. Kikombe changu kina chai, imenywewa nusu. Nikaonja — sukari tele. Mimi situmii sukari. Mkubwa ndiye aliyekuwa hainywi bila sukari.

Jumapili, 9 Machi

Nimempelekea Mama picha. Mtandao unasuasua: kwanza ukungu, kisha nywele, paji, macho. Mama kaisogeza simu hadi puani. Mwanangu, akasema. Akanyoosha mkono kunipapasa uso, kama alivyokuwa akitutofautisha gizani tukiwa wadogo. Kidole kikapita juu ya jicho langu la kushoto. Kikarudi. Kikasimama hapohapo.

Sijajitazama kwenye kioo. Naogopa, naogopa sana.

Nimejifungia chumbani kuandika haya. Nje nasikia sahani zikipangwa. Tatu. Mama anaimba! Hajaimba tangu msiba. Sasa anaita: Mkubwa, mwite mdogo wako aje tule.

Nikimwambia Mdogo ni mimi, nitamzika tena Mkubwa mbele ya macho yake. Nisipomwambia, mimi nitakuwa wapi?

Ameita tena. Nimeitika, abee Mama, namwita —