Bibi Haitikii Shikamoo

Mwanangu Bahati,

Salamu nyingi kutoka hapa nyumbani Mkolani. Mimi mama yako mzima, mguu tu unanisumbua nikipanda kile kilima chetu. Dada yako Neema mzima, bado yuko sokoni na dagaa wake. Mdogo wako Furaha mzima, amerefuka mpaka sare ya shule haimtoshi. Hata yule mbuzi wako mzima. Bibi yako nimemweka mwisho kwa sababu ndiye aliyenifanya niandike. Kwenye simu nikisikia sauti yako nitalia tu, hutaelewa kitu. Neema ataipiga picha barua hii akutumie.

Bibi alianguka uani baada ya sisi kuongea nawe. Hospitali wamesema ni kiharusi. Mkono umerudi kidogo, lakini Kiswahili chote kimemtoka. Mwanzo hatukujua. Furaha akimwamkia, "Shikamoo bibi," kimya. Mimi nikimpa pole, anageukia ukutani. Nikasema moyoni, mama mkwe ana kinyongo na mimi. Nikampikia sato, nikampigia magoti kumwomba msamaha, wala kosa lenyewe silijui. Akawa analia tu.

Jumapili akaja kumwona mama mmoja wa kanisani, Mkerewe mwenzake, akamsalimia Kikerewe. Bahati mwanangu! Bibi akajiinua kwenye mto, wakasalimiana weee mpaka chai ikapoa. Halafu yule mama akanigeukia: "Anamtaka mjukuu wake yule wa kuuliza-uliza. Anasema mbona siku hizi haji?"

Unakumbuka ulipotoka chuo cha ualimu, mnachambua dagaa naye, unamwonyesha kila kitu, "Bibi, hiki nyie mnakiitaje?" Naye anakucheka: "Mwalimu mzima hujui hata hiki! Wanakulipia nini?" Mimi Msukuma wa Magu naosha vyombo pembeni, nawasikia mnacheka, sijui mnacheka nini, na mimi nacheka. Baba yako alikuwa ameshatutoka. Niliona kama Kikerewe chake kimerudi ndani ya nyumba.

Sasa wewe uko masomoni Ayalandi, na mimi na bibi yako tunatazamana tu. Namgeuza, namfuta, anasema maneno mengi amenishika mkono, na mimi naitikia "ndiyo mama" bila kujua nimekubali nini.

Ulinisimulia habari za mwalimu wako mzee huko, aliyefundisha watoto Kiayalandi kabla ya kuwafundisha ninyi, kwamba tangu ujana wake alikuwa akitoka darasani anakwenda kwa vikongwe wa kwao kuwauliza maneno. Nilikuuliza, "Wazungu nao lugha inaweza kuwaishia?" Ukasema, "Inaweza, mama. Na wapo aliokwenda kwao akakuta wamezikwa." Basi mweleze habari za bibi yako. Huyo hatakukatalia kuacha masomo kidogo uongee naye.

Kuja najua ni mbali, nauli hatuna. Piga simu tu, leo hii ukiweza. Neema ataishika sikioni kwa bibi. Muulize anaumwa wapi, mwanangu, halafu uniambie.

Ni mimi,
Mama yako